A Isiyo na Mkanda

Mwaka wa tisini na tisa mradi uliwagawia mabwana shamba
kidude cha kijivu, kama kipande cha sabuni,
na kijiti cha kuandikia pasipo wino.

Hakikujifunza mwandiko wa baba. Baba ndiye alijifunza wake.
Usiku, Newala, kibatari kikimfukiza pua,
alianza darasa la kwanza upya:
A bila mkanda, paa la banda tupu,
T yenye bega moja.

Mchana alipita mikoroshoni, nyusi zimegeuka njano kwa salfa,
akidonoa kioo:
Namtumba wa Mnyambe, miti arobaini.
Somoe Likwata, sitini, ubwiriunga.
Wakulima wakauliza, karatasi iko wapi?
Akawapa kioo; wakaona nyuso zao.

Betri zake nyembamba, vidole vya kichanga.
Newala ziliuzwa nene, za tochi.
Masika yale aliyetumwa Mtwara alikwama Nanguruwe,
matope hadi magotini.
Kioo kikafifia,
na miti elfu nne ikaondoka bila shoka.

Hakusema neno. Aliniomba daftari langu la hesabu,
akaligeuza nyuma, akaandika: Namtumba, arobaini,
kwa herufi zilezile za kidude.

Juzi benki wamemrudishia fomu ya pensheni.
“Mzee Ausi, A yako haijakamilika.”
Akaitazama kitambo,
kama aliyeulizwa jina la marehemu.

“Imekamilika,” akasema. “Ninyi hamkufundishwa.”