Nataka Iitike

Bukavu haina tambarare ya kumdanganyia mtu.
Ukipanda kutoka Nyawera kwenda Kadutu
gari linasema ukweli wake wote.
Starlet yangu, mlimani, na magunia mawili ya unga:
niliikanyaga, haikujibu.
Haikukataa. Haikujibu tu,
kama mtoto aliyesikia jina lake
akaamua kwanza amalize mchezo.

Hewa ya huku juu ni nyepesi, chai ya mwisho wa mwezi.
Moteri inavuta kifua kizima, inapata robo tatu.

Bisimwa, mdogo wa mke wangu, akaniletea turbo ya lori.
Aliibeba begani, konokono la chuma.
“Shemeji, hii itakutoa machozi.”
Nikamwambia: hili ni jitu, na jitu huchelewa kuamka.
Utaliita Nyamugo, litaamka umeshafika Cimpunda,
likurushe ukutani mwa watu.
Akanuna. Akaliacha mlangoni;
hadi leo kuku analala juu yake.

Nilichotaka ni kidogo.
Kikaja kwa boti ya usiku kutoka Goma,
kimefungwa katika kitenge cha mtu nisiyemjua,
hakizidi ngumi mbili,
na kifeni chake, nilipokipuliza kwa mdomo, kikazunguka.
Kwa pumzi tu! Nikapuliza tena. Na tena.
Nabintu akanitazama
kama anayetazama mtu aliyeanza dini ngeni.

Basi, miezi mitatu.
Pistoni zenye bakuli kichwani, moto upate pa kukaa.
Cikuru akichomelea mabomba, mafupi, mafupi zaidi,
nikamrudisha mara nne,
maana kila kona ya bomba ni mahali hewa inasimama kupiga soga.
Kipoza hewa mbele ya radieta, chembamba kama daftari la madeni.
Presha nusu bari, imetosha: esansi yetu ya chupa haina uaminifu,
ukiidai zaidi inapiga nyundo ndani ya chuma.

Kuna usiku niliota nakaza boliti ya mwisho,
na kichwa cha moteri kikanicheka.
Asubuhi boliti ikakatika kweli.
Siku nne kuitoa.

Jumapili. Mvua imekwisha, udongo mwekundu unateleza.
Nikashuka hadi chini, nikageuza, gia ya pili,
mguu nikaugusisha. Sikukanyaga, niligusisha tu,
na ikaitika.
Mluzi mdogo, wa mtu anayepita na maji kichwani
asiyetaka yamwagike.
Naam.
Pale pale, kabla sijajuta kuiita.
Nikalipita lori la saruji lililokuwa linaomboleza,
nikapunguza kwa ajili ya mama mwenye beseni la sambaza,
nikaita tena. Naam.
Hakuna aliyegeuka kuniangalia.
Ndivyo nilivyotaka.

Nyumbani sikuzima.
Turbo iliyotoka motoni haizimwi kama kibiriti;
unaiachia dakika moja ipumue,
mafuta yazidi kupita, yasiungulie shingoni mwake.
Nimekaa, mlango wazi, nahesabu sekunde.
Nilikuwa kwenye thelathini na tatu
Nabintu aliponiita kutoka jikoni.

Miezi mitatu ameniita,
nami nikajibu “nakuja” kutoka chini ya chuma,
nakuja ya mdomo, nakuja ya mtu asiyekuja,
hadi ugali ukaota ngozi.

“Naam!” nikasema, mguu mmoja umeshafika nje.
Kimya.
“Umenishtua,” akasema. “Kuna nini?”
Hakuna. Umeniita.

Nyuma yangu moteri inanguruma polepole,
bado sekunde ishirini.
Yeye kasimama na mwiko mkononi,
amesahau alichotaka kuniambia.