Dirisha la Nane

Picha ninayo moja, nyeusi na nyeupe,
kona imeliwa na mende:
behewa la daraja la tatu, tawi la pamba,
reli iliyong'olewa kabla sijazaliwa.
Madirisha saba. Au nane; moshi umekaa hapo hapo.

Nimepima kwa rula ya mwanangu,
nimechana mbao za kreti la nyanya,
nimekwama kwenye rangi.

Nyegezi, uani kwa Bi Nkwimba,
mlango wa banda la kuku una kitasa cha shaba
na namba isiyosomeka.
Nakwangua kwa wembe: kijani,
chini yake rangi ya maziwa,
chini kabisa damu ya mzee.

"Wewe, unawatakia nini kuku wangu?"
Namweleza. Anacheka mpaka anakalia ndoo.
Kisha: "Nane. La nane lilikuwa halifunguki.
Lugembe alisema kitu nyuma ya kioo,
treni ikaondoka nacho."

Usiku, ziwa likipiga mawe,
nachonga madirisha madogo kama ukucha.
Saba nayaacha wazi.
La nane nalitia gundi,
halafu nabaki na brashi ya unywele mmoja
mbele ya mdomo mdogo kuliko punje ya ulezi:
niuchore umefumba,
au?