Jezi ya Samoa

Ilitoka kwenye belo la daraja la pili,
katikati ya sketi za wauguzi na mashuka ya hoteli,
Jumanne, soko la Memorial, kabla jua halijafika kwenye zege.
Buluu. Nzito. Kola imefumuka
na mtu ameishona kwa mkono, uzi mweupe, mishono mikubwamikubwa
ya mtu mwenye haraka.
Kifuani: SAMOA. Mgongoni kumi na tatu.
Nikapiga kelele hadi koo likakauka:
buku tatu, buku tatu, jezi ya kazi!
Moshi hapa jezi ni ya njano au nyekundu.
Jioni nikampelekea Aminiel.

Mdogo wangu. Bega kama mlango wa ghala.
Gereji walimfukuza: anakaza nati mpaka inakatika.
Kesho yake Pasua nzima ikamwita Samoa.
Mtoto mmoja akaniuliza, Samoa ndiyo wapi, dada?
Nikamwambia mbele ya Himo, unakata kushoto.

Kocha Saruni alimkuta Kiborloni,
magunia mawili ya vitunguu mgongoni, anapiga mluzi.
Akamwonyesha mpira wenye umbo la yai.
"Njoo Arusha Jumamosi," akasema.
"Nauli ninayo ya kwenda tu."
Mama akauliza: mpira gani huo mnaurusha nyuma
na mnataka kwenda mbele?
Kocha akacheka.
Mama hakucheka. Alitaka kujua.

Mechi ya kwanza, benchi.
Mechi ya pili, benchi, na mvua.
Alirudi na jezi safi akaifua hivyohivyo,
akaianika mbele, upande wa barabarani,
majirani waone.

Ya nne nilifunga meza nikaenda.
Uwanja ule wa Themi, nyasi chache na mawe mengi,
watazamaji ishirini na moja na mbuzi wa mtu.
Zikabaki dakika kumi, kocha akamwita.
Wa kwanza alimwangukia kiunoni, akateleza.
Wa pili alishika kola, nikasikia uzi ukikatika,
au nilidhani nimesikia.
Wa tatu sikumwona alikotokea, nilimwona alikoishia.
Na Aminiel, aliyevunja kila kikombe nyumbani kwetu,
akaulaza mpira chini kule nyuma ya mstari
taratibu,
kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia njiani.
Trai. Pointi nne.
Niliruka nikamkumbatia mwenye mbuzi.

Wiki iliyofuata akavunjika mtulinga.
Sitaandika mengi. KCMC, foleni, bendi ya bluu shingoni,
mama akimpikia mtori kila siku
kama aliyejifungua.
Usiku nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini;
sikuuliza anahesabu nini.
Mkono wa kulia umefungwa, akafundisha wa kushoto:
alisimama uani akirusha parachichi kwenye ndoo,
na wiki sita nzima tulikula parachichi zilizopondeka
bila mtu kusema neno.

Sasa barua imefika. Nairobi, klabu, wiki mbili za kumpima.
Si mkataba. Ameisoma mara nyingi
mpaka mkunjo wake umekuwa tundu.
Amenyoa. Ameazima begi la kanisa.
Leo usiku ameniletea jezi: dada, kola.

Nimeiweka mapajani, taa ya simu mdomoni.
Uzi mweusi ndio nilio nao.
Nikapitisha sindano palepale pa zamani,
kando ya ile mishono mikubwamikubwa,
na nikamjua yule mtu, ghafla, bila jina:
naye alikuwa na mdogo wake asiyejua kusimama,
naye alishona usiku, kesho ina mechi,
akaukata uzi kwa meno.
Sijui huko walikuwa wakila nini.
Sijui kama yule kijana alifika popote,
au jezi iliingia kwenye belo kwa sababu nyingine.

Basi la alfajiri, kupitia Namanga.
Nauli, tena, ya kwenda tu.
Amenibusu kwenye paji la uso, kitu ambacho hatufanyi kwetu,
kisha akasimama mlangoni akaujaza wote.
Nikamwambia usisahau,
unadaiwa buku tatu.