Kipara cha Mlima

Alfajiri trekta la theluji limeshapita,
mteremko umenyooshwa kama shuka la hospitali,
mweupe pe pe pe, hakuna hata unyayo wa sungura.
Nafungua kibanda cha lifti, napuliza vidole,
nawasha birika, nafagia viti mia na arobaini na viwili
kwa ufagio uliokuwa wa bibi, wa masizi.

Ikifika saa sita mchana, kipara kinatokea.
Pale pale, juu ya msonobari uliopigwa na radi:
duara la nyasi kavu, pana kama meza ya watu wanane,
linafuka mvuke mwembamba.
Wageni kutoka Leipzig wanalalamika,
skii zimekwaruzika, na fedha wameshalipa.
Meneja, Bwana Kretzschmar, anauelekeza mzinga hapo,
usiku kucha unakohoa theluji ya maji ya bwawa,
na kesho mchana kipara kinarudi
kama deni.

Mimi nakijua.
Chini yake liko Shimo la Subira,
mita mia mbili na kumi za giza totoro,
na pumzi ya humo haina habari na Januari:
vuguvugu ile ile, ya zizi,
ya kinywa cha mtu aliyelala.

Walianza na fedha. Ikaisha.
Wakachimba bati. Likaisha.
Vita navyo vikaisha, yakaja malori yenye nyota nyekundu,
wakaambiwa yale mawe meusi waliyokuwa wakiyatupa
sasa ni ghali kuliko mkate.
Babu Gotthold akashuka ana miaka kumi na tisa.
Jina la mawe hayo halikutamkwa mezani.

Kila aliyeshuka alitundika kibao cha shaba msumarini.
Cha babu, 318.
Ukipanda, unakitwaa.
Kibao kikilala msumarini,
kuna mwanamke atakayeombwa aketi kwanza.
Babu alikitwaa chake miaka ishirini na sita.
Mlima haukumbakisha,
ulimfuata nyumbani, ukamwingia kifuani,
ukamla kijiko kwa kijiko
hadi ngazi tatu za mlangoni zikawa safari.
Alikufa Februari, ardhi ikiwa chuma.
Wazee wawili wakaja na sululu zao wenyewe,
hawakumpa mtu zamu.

Desemba kila dirisha hapa lina upinde wa mishumaa.
Wageni wanapiga picha, wanasema, jamani, inapendeza.
Inapendeza.
Ila mtu aliyeshuka jua halijachomoza
na kupanda limeshatua,
mchana wake wote ulikuwa dirisha lile.
Bibi Irmhild alipanga hapo sanamu za mti,
mchimbaji kwa kila mtoto wa kiume,
malaika kwa kila wa kike.
Sisi tulikuwa malaika watatu.
Nikalia, nikasema nataka kuwa mchimbaji.
Babu hakusema kitu. Akatoa kisu,
akamchongea malaika wangu sululu.

Leo mtoto mmoja wa darasa la skii,
kofia ya rangi ya chungwa, jina lake Levin,
amevua skii, amelala kifudifudi juu ya kipara,
sikio chini.
"Kuna joto," ananipigia kelele. "Nani anakaa humu?"
Nikafungua mdomo,
kengele ikalia: mtu ameanguka kwenye kiti cha tisini.
Nilipogeuka, mwalimu alikuwa ameshamvuta mkono.

Jioni mashine inanionyesha idadi ya waliopanda:
elfu moja mia nne na sita.
Wanaoshuka hawahesabiwi na mtu,
kila mmoja anateremka kivyake, akicheka.
Nazima taa. Kimya jii.
Kule juu mvuke unaonekana bado,
au ni macho yangu.
Natwaa 318 kwenye msumari wa kibanda,
naitia mfukoni, baridi kama ulimi wa samaki,
nateremka nyumbani.