Nyumba Hii Haiuzwi

Mara ya kwanza niliiona Isevya, jua la saa saba,
bati limepauka, dirisha moja limezibwa kwa gunia la tumbaku,
nikamwambia Mihayo, "Hii."
Akacheka. "Hata ndani hujaingia."
Sikuhitaji. Mguu ulishakijua kizingiti.

Miaka kumi na mmoja tumepanga Ng'ambo:
vyumba viwili, luku moja, familia nne,
kila uniti ina mwenyewe na kila mwenyewe ana kesi.
Mwenye nyumba akikohoa, sisi tunahesabu kodi.
Mwanangu Shija alijua kwamba ukuta haupigwi msumari
kabla hajajua kusoma.

Dalali akataja bei, moyo ukashuka mpaka kwenye kandambili.
Akapunguza, ukapanda.
Benki wakasema ndiyo: nikapika wali kwa kuku,
siku ya kazi, bila mgeni.
Benki wakasema lakini:
kuku akanirudi kooni.

Usiku nilishona mashuka ya hospitali kichwani,
mia mbili, mia tatu, kila pindo na senti yake,
na hesabu haikutimia hata ndotoni.
Mihayo ubavuni, amefumba macho kwa nguvu mno,
akijifanya amelala
ili nisijue kwamba anajua.

Jumanne moja tukampeleka mama mkwe akaione.
Ukutani, rangi nyekundu, herufi bado zinachuruzika:
NYUMBA HII HAIUZWI.

"Ni dada yao," dalali akasema, akifuta jasho lisilokuwepo.
"Nyanzala. Yuko Urambo. Hakuulizwa."
Na malipo ya kwanza yalishakwenda.
Nikakaa juu ya tofali. Nikacheka. Nikalia kidogo.
Nikawachukia watu nisiowajua, pamoja na marehemu wao,
nikajichukia na mimi, maana nilishachagua
pa kuweka cherehani: pale, chini ya dirisha la gunia.

Mihayo alitaka wakili.
Mimi nilipanda basi.

Nyanzala hakunipa kiti. Alikuwa akichambua tumbaku,
vidole vimeiva rangi ya chai ya rangi.
"Kaka zangu walinipigia simu pesa ikiwa imeshaliwa," alisema.
"Mama aliijenga kwa pombe. Kila tofali ni kata moja."
Maneno niliyoyapanga njia nzima
yalikuwa yameshuka kituo cha nyuma.
Nikabaki na moja tu:
"Niliipenda kabla sijajua kwamba ina wenyewe."
Akanyamaza kwa majani sita. Saba.
"Nyuma ya jiko kuna jiwe la kusagia.
Hilo usilinunue."

Alikuja Alhamisi. Akatia dole gumba mbele ya mtendaji,
wino akaufutia kwenye nywele,
akalifunga jiwe kwa kanga, akalibeba mgongoni kama mtoto,
akakataa kusaidiwa.
Nilikuwa na funguo mkononi,
na furaha iliyokuwa ikija mbio
ikasita mlangoni, ikampisha apite.

Sasa tunaishi humo. Bati linavuja pembe ya jikoni.
Makato ya benki hufika mshahara ukiwa bado wa moto.
Kuna siku najuta mpaka saa nne asubuhi,
kisha nachemsha chai.
Treni ya usiku ikipita, vikombe vinagongana kabatini
na mimi nalala, kwa kuwa ni vikombe vyangu, kabati langu, mtikisiko wangu.
Shija amepigilia misumari tisa sebuleni.
Haining'inizi kitu.

Tulipaka chokaa mara mbili.
Mvua za Desemba zikaiosha, herufi zikarudi,
nyekundu iliyochoka, lakini inasomeka.
Mihayo akaleta ndoo na brashi kwa mara ya tatu.
"Acha kwanza," nikamwambia.

Jana dalali alipita na mteja mpya.
Wakasimama. Wakasoma.
Wakaendelea na safari yao.