Finjani ya Saba

Marhun alikuwa mmiminaji kahawa
katika jumba moja la Shati, Qurm, lisilo na kibao,
ambako waliotukanana mchana redioni
walikuja usiku, kwa mlango wa jikoni.

Tulikutana Matrah, nyuma ya wauza ubani,
tukisema Kiswahili, chake cha Wete,
changu cha bibi yangu wa Ng'ambo,
kwa kunong'ona, maana Maskati
hujui ni kanzu gani iliyonyonyeshwa kwa lugha hiyo.

Hakunipa karatasi. Majina hakuyajua.
"Saba," alisema. "Sita waliacha nijaze, nijaze,
hata wakavimba matumbo kwa adabu.
Wa saba akaitikisa finjani, hivi, mara mbili,
akanirudishia bila kunitazama."

Nikaelewa. Mgeni wa siku moja hajui kutikisa.
Huyu amekwisha kunywa kwetu, tena si mara moja,
na wizara mbili za nchi mbili
zimeapa kwamba hawajawahi kuonana.

Lisemwalo lipo, husema watu.
Mshahara wangu ulitoka kwenye lisilosemwa.
Nikafuatilia ndege zilizotua Sib bila abiria,
nikampata dereva, nikapata risiti ya maua.
Ilitosha. Wallahi ilitosha.
Lakini nikautia na ule mkono,
kwa kuwa ulikuwa mzuri,
kwa kuwa aya bila mkono ule
ilikuwa wali uliokosa chumvi.

Nikapewa tuzo: kipande cha kioo,
kizito, jina langu limekosewa herufi.

Nani aliuona mkono ule
ila aliyeshika dele?

Simu yake iliita siku tisa.
Ya kumi akapokea mwanamke nisiyemjua:
"Namba hii ni yangu sasa. Umemtaka nani?"
Nikakata. Mimi, niuulizaye ulimwengu mzima, nikakata.

Siku hizi vijana huja kwangu Ruwi na madaftari.
Nawaambia: sentensi ikikupendeza mno,
tazama kidole chake kimemwelekea nani.
Wanaandika. Vijana wazuri.

Juzi, ofisini Al-Khuwair,
mvulana mwenye dele alinimiminia.
Nikanywa ya kwanza. Ya pili. Ya nne.
Ya sita ikaunguza ulimi.
Akasimama, akingoja mkono wangu.
Sikuweza kuitikisa.