Vifo Vyangu Vinne

Nimekufa mara nne katika filamu za Drateru.
Mara ya kwanza kwa risasi, nyuma ya soko la Arua,
damu yangu ikiwa choya iliyochemshwa na sukari;
nzi waliigiza vizuri kuliko mimi.
Mara ya pili kwa sumu. Mara ya tatu
nilitakiwa nizame mtoni Enyau, lakini ilikuwa Februari,
maji hayakupita magoti, basi nikapiga magoti, nikazama.

"Kufa haraka," alikuwa akisema, "jua linatudai."
Kamera tuliiazima kwa mpiga picha wa harusi,
irudi Ijumaa kabla bibi harusi hajavaa.
Mwanga tuliukinga kwa bati jipya
ambalo baadaye aliezekea choo cha mama yake.
Jina lenyewe, Drateru, lina mauti ndani,
mwulize Mlugbara yeyote;
mimi niliona ni ratiba ya kazi tu.

Kifo cha nne kilionyeshwa kwenye kibanda cha video, Ediofe,
shilingi mia tano mlangoni.
Mfasiri akashika kipaza sauti, akayafunika maneno yote
aliyoyaandika Drateru kwa miezi saba.
Pale nilipomuaga mwanangu, yeye akasema nadai deni la mbuzi.
Watu wakacheka mpaka benchi likavunjika.
Drateru alikaa nyuma, daftari mapajani,
akaandika kitu. Nilidhani ni hasira.

Kumbe ilikuwa sura ya kwanza.

Tangu hapo, umeme ukikatika ndipo anapoanza kazi.
Kalamu haiombi jenereta.
Kwenye riwaya, aliniambia, mvua ni bure;
ameinyesha kurasa kumi na tisa mfululizo.
Ameteketeza mtaa mzima
bila kumlipa mwenye nyumba hata mmoja.
Ameleta ndege ya jeshi, hakuipenda, ameirudisha.

Jana alinipa mswada, umefungwa kwa kamba ya katani.
Nilijitafuta kama mwanafunzi
kwenye orodha ya waliofaulu.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili: Onzima,
mzee, jino moja la mbele halipo,
anamenya muhogo barazani.
Nikafunua. Mia na arobaini, bado namenya.
Mia mbili na sita, wajukuu wamekuja,
muhogo umeiva,
hakuna aliyekuja na bunduki.

Nikaenda kumwuliza: mbona safari hii hukuniua?
Alikuwa juu ya ngazi, akifunga taa kwa waya,
imebaki saa moja kamera irudi kwa mwenyewe.
"Kule," alisema, waya ukiwa menoni,
"jua halizami mpaka niandike limezama."
Akanirushia chupa ya choya.
"Huku, lala chini."

Nikalala.
Nikafa polepole,
nikamlia dakika tatu nzima za jua lake.